Njoo Tu Tuongee

Kwako mwandishi wa safu,

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, naishi pande za Kikima, Mbooni. Mwaka 2012 nilikuwa mweka hazina wa kikundi chetu cha mwethya, yaani cha kusaidiana, kilichokuwa kikichanga pesa za mradi wa maji. Tulinunua mabomba, tukalipa fundi, maji yakafika nusu ya mlima, pesa zikaisha. Mwaka uliofuata zikazuka kelele. Tukaitwa kwa chifu, vitabu vikakaguliwa mbele ya wanachama na wazee, na kumbukumbu zikaandikwa kwamba hakuna aliyekula. Mwenyekiti wetu amekwisha kufariki, Mungu amlaze pema.

Mwaka jana nilikosana na jirani yangu kwa sababu ya mpaka. Yeye pia alikuwa mwanachama. Wiki iliyopita nikapigiwa simu na mtu aliyesema ni afisa wa upelelezi, yuko Machakos. Eti kuna malalamiko ya wizi wa pesa za kikundi, nifike Ijumaa saa nane mchana. Nilipouliza ni malalamiko ya nani, akajibu, “Mwalimu, usiogope, njoo tu tuongee.”

Tangu siku hiyo sijalala. Kijana wangu aliye Nairobi anasema nisiende, nikae kwake kwa muda huku akitafuta mtu wa kuzungumza na hao maafisa “vizuri”. Mzee wa kanisa anasema asiye na hatia haogopi kusema, niende nieleze yote. Naibu wa chifu anashauri tuandike mkataba nirudishe kiasi kidogo ili yaishe. Na jirani anatangaza sokoni kwamba kama mimi ni msafi basi nile kithitu, kiapo cha jadi cha Wakamba. Kitabu cha hesabu bado ninacho lakini mchwa wameharibu kurasa nyingi. Nimeanza kukinakili kwenye daftari safi. Je, jambo la miaka yote hii bado ni kesi? Na nikifika huko nina haki gani?

Mwalimu mwenye wasiwasi, Kikima

*

Mwalimu, kabla hatujafika kwenye haki zako, acha kunakili kile kitabu. Najua nia yako ni njema; umewaambia watoto miaka nenda miaka rudi waandike upya kazi iliyochafuka. Lakini daftari safi lenye hesabu za 2012, wino wake wa juzi, mpelelezi hataliita nakala. Ataliita kitabu kilichopikwa. Utakuwa umempa kosa jipya lenye ushahidi mbichi mahali pa lile la zamani ambalo ushahidi wake umeliwa na mchwa. Kurasa zenye matundu ziache na matundu yake. Zitie kwenye bahasha kavu, zipige picha moja moja, uziweke pamoja na kila stakabadhi ya duka la mabomba, kila karatasi ya benki, na hasa kumbukumbu za ule mkutano wa kwa chifu. Na hilo daftari ulilokwisha kulianza usilichome. Mpe wakili wako, umweleze ulivyolianza na kwa nini.

La pili ni fupi. Barua yako ilikuwa na aya nzima iliyosimulia nani alitoa kiasi gani benki na siku gani. Nimeiondoa. Unachomwambia wakili wako sheria inakilinda. Unachoniandikia mimi hakilindwi na yeyote. Sijakuuliza kama pesa hizo zililiwa, na usiniandikie kuniambia. Haki ninazozieleza hapa ni za aliyekula na za ambaye hakula, sawasawa.

Sasa hiyo Ijumaa saa nane. Wakenya wana jina la kimzaha kwa ukamataji wa siku hiyo, “Kamata Kamata Friday”, lakini hesabu iliyo nyuma yake si mzaha. Ibara ya 49 ya Katiba inasema aliyekamatwa afikishwe mahakamani haraka iwezekanavyo, na isizidi saa 24. Halafu inaongeza kwamba saa hizo zikiisha wakati mahakama imefungwa, mwisho unasogea hadi mwisho wa siku ya mahakama inayofuata. Piga hesabu mwenyewe: mtu akikamatwa Ijumaa saa kumi jioni, saa 24 zinatimia Jumamosi saa kumi, mahakama ina kufuli. Anaweza kulala seli Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, akaona hakimu Jumatatu, na hakuna aliyevunja kifungu chochote. Sisemi huyo afisa amepanga hivyo. Pengine Ijumaa ndiyo siku yake yenye nafasi. Lakini jambo lililongoja tangu 2012 litaweza kungoja hadi Jumanne asubuhi, na wewe ndiye wa kuomba siku hiyo.

Halafu hujui kama aliyekupigia ni afisa kweli. Nchi hii ina matapeli wanaoishi kwa kuigiza sauti ya polisi, na mwisho wa simu zao huwa ni nambari ya kutumia pesa. Uliza jina lake kamili, cheo chake, kituo chake, na nambari ya OB, yaani ile inayoonyesha malalamiko yaliandikwa katika kitabu cha matukio. Mtu wa kweli hakasirishwi na swali hilo. Kisha mtume mtu unayemwamini aulize kituoni hapo kama anajulikana.

Tuseme ni afisa wa kweli. Neno lake, “njoo tu tuongee”, ndilo linaloniudhi, kwa sababu sheria haina kikao cha namna hiyo. Ina mambo mawili tu. Unaitwa kwa kuwa unaaminika una habari zitakazosaidia upelelezi, au unashukiwa wewe mwenyewe. Haki zako zinabadilika kulingana na jibu, na adabu zote za “usiogope Mwalimu” kazi yake ni kukufanya usiulize swali hilo. Liulize. Uliza kwa upole, lakini usikubali kuketi mbele ya meza yake bila kujibiwa: naitwa kama shahidi au kama mshukiwa?

Wito wenyewe umeelezwa katika kifungu cha 52 cha Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011. Afisa anaweza kumtaka mtu yeyote mwenye habari za kusaidia upelelezi afike kituoni, lakini kwa maandishi. Simu haitoshi. Na kituo hicho kiwe katika kaunti anayoishi huyo mtu au aliyomo kwa wakati huo. Hapa wewe una hoja ambayo wengi wa Mbooni wasingeifikiria. Kwa watu wa huko, Machakos ni nyumbani. Makueni, kaunti yako, ilikuwa ndani ya wilaya ya Machakos hadi 1992. Lakini kwa kifungu hiki Machakos ni kaunti nyingine. Hulazimiki kushuka na kuvuka mpaka wa kaunti kwa simu ya mtu usiyemjua.

Usiigeuze hoja hiyo kuwa sababu ya kujificha, hata hivyo. Kifungu kilekile kinasema aliyeitwa ipasavyo akakosa kwenda bila sababu ya maana ametenda kosa. Ndiyo maana nasema kijana wako anakushauri vibaya. Mzee aliyetoroka Mbooni akahamia kwa mwanawe Nairobi wiki ileile alipopigiwa simu na upelelezi, hata hakimu mpole atajiuliza maswali siku dhamana yake itakapoombwa. Ukikaa kwako ukajibu kwa maandishi kwamba uko tayari, unaomba wito rasmi, na ungependa kusikilizwa katika kaunti yako, hilo ni jibu la raia.

Sasa kuhusu kunyamaza. Watu wameona sinema nyingi mpaka wanadhani haki ya kunyamaza ni moja kwa kila mtu. Ukiwa shahidi, sheria inakutaka utoe jina na makao yako ya kweli na ujibu kwa ukweli maswali halali. Lakini hulazimiki kujibu swali ambalo jibu lake linaweza kukuingiza wewe mwenyewe kwenye mashtaka. Kifungu hichohicho cha 52 kinasema hivyo. Ukikamatwa, mlango unafunguka zaidi. Ibara ya 49 inataka uambiwe mara moja, kwa lugha unayoielewa, sababu ya kukamatwa, kwamba una haki ya kunyamaza, na matokeo ya kutonyamaza. Una haki ya kuwasiliana na wakili na mtu mwingine ambaye msaada wake unahitajika. Huwezi kulazimishwa kukiri. Nikirudi kwa mzee wa kanisa: anasema kweli kwamba asiye na hatia haogopi. Lakini kutoogopa ni jambo moja na kusimulia yote ni jingine, hasa pale unapojibu kuhusu mwaka 2012.

Hapa ndipo hatari ya shauri kuukuu ilipo, na ningependa ukae nayo kidogo. Watu huogopa kwamba polisi wana ushahidi mwingi. Mara nyingi katika jambo la zamani wana kidogo. Benki, kwa mfano, zinatakiwa kutunza rekodi za miamala kwa miaka isiyopungua 7, na 2012 imepita mbali na hapo. Duka la mabomba labda limefungwa, fundi amehama, mwenyekiti yuko kaburini. Kwa hiyo kinachobaki cha kukushtaki nacho ni maneno yako mwenyewe. Utaulizwa, “Mwalimu, ile shilingi elfu kadhaa ilitoka mwezi gani?” Wewe, mtu wa heshima, uliyezoea kuwa na jibu mbele ya darasa, utaona aibu kusema hujui. Utasema, “Nadhani ni Machi.” Afisa ataandika “Machi”, “nadhani” haitafika kwenye karatasi. Baadaye karatasi moja iliyosalimika inaonyesha Juni. Tayari wewe ni mwongo, na huo uongo wako ndio ushahidi.

Kwa hiyo jizoeze kusema “sikumbuki”. Ni jibu kamili, na kwa jambo la miaka zaidi ya 10 mara nyingi ndilo jibu la kweli kuliko yote. Lingine ni “siwezi kujibu hilo bila kuona karatasi”. Usijaze pengo kwa kukisia, usimsemee marehemu mwenyekiti alichokuwa akifikiri, na usiseme “kila mtu alijua” kuhusu kitu ulichokijua wewe. Wala usizunguke sasa kwa wanakamati wenzako waliobaki mkapatanisha maneno. Hata kama mnasema kweli, mlalamishi ataita hiyo njama. Kama kuna mwenye karatasi, wakili ndiye aziulizie.

Stetimenti, yaani taarifa utakayoandikisha, nayo ina mambo yake. Aghalabu wewe utaongea Kiswahili, mambo yakikaza utaingia Kikamba, na afisa ataandika kwa Kiingereza chake. Sheria inamtaka akusomee alichoandika kwa lugha unayoielewa, akuulize kama kuna la kusahihisha, ndipo utie sahihi. Hiyo “kusahihisha” si fadhila. Soma kila mstari. Wewe umesahihisha insha maisha yako yote. Isahihishe hii kwa ukali uleule. Palipoandikwa “nilichukua pesa” na wewe ulisema “nilipokea michango”, kata, andika pembeni, utie herufi za jina lako. Nafasi tupu chini ya ukurasa ipige mstari ili pasiongezwe neno. Kama umechoka au hujaelewa, usitie sahihi; sema utaendelea wakili akiwepo. Au uchague njia ambayo mawakili wengi huipenda zaidi: kaa naye ofisini kwake, muandae taarifa yako kwa utulivu, kisha uiwasilishe kituoni imekamilika.

Kama afisa atakuambia kabla ya kuandika kwamba maneno yako yanaweza kutumiwa kama ushahidi dhidi yako, jua umeshavuka kutoka kwa shahidi. Onyo hilo hutolewa kwa anayekusudiwa kushtakiwa. Hapo simama kwenye jina na makao, useme mengine utayasema kwa ushauri wa wakili.

Na kama atakuambia “kubali tu hapa, yaishe, uende nyumbani”, kumbuka Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 25A. Kukiri hakupokelewi mahakamani mpaka kuwe kumefanyika mbele ya jaji au hakimu, au mbele ya afisa wa polisi ambaye si yule anayepeleleza, asiyepungua cheo cha inspekta, huku pakiwa na mtu wa tatu uliyemchagua wewe. Bunge halikuweka ulinzi huo bure. Kenya ina historia ndefu ya watu walioingia vituoni wakiwa hawajui kitu na kutoka wamekiri kila kitu.

Umeniuliza kama jambo la zamani bado ni kesi. Jibu lisilopendeza ni kwamba, kwa makosa makubwa, Kenya haina muda wa mwisho. Septemba 2025 Mahakama Kuu Nairobi ilitoa hati ya kumkamata Mwingereza aliyewahi kuwa mwanajeshi, kwa mauaji ya Agnes Wanjiru, aliyeuawa Nanyuki mwaka 2012, mwaka uleule wa mabomba yenu. Hakuna aliyedai kwamba miaka 13 ilikuwa imezika kesi hiyo, wala sitaki sheria ya namna hiyo. Familia ya marehemu ingebaki wapi? Muda wa mwisho uliopo ni wa makosa madogo. Kifungu cha 219 cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai kinataka kosa ambalo adhabu yake haizidi kifungo cha miezi 6 lishtakiwe ndani ya miezi 12. Kuiba pesa ulizokabidhiwa na wenzako si kosa dogo kwa kipimo hicho. Adhabu yake inaweza kufika miaka 7.

Lakini kuchelewa kuna uzito wake, na mfano uliotumiwa zaidi na mawakili wa Kenya ni wa Stanley Githunguri, mwanabenki aliyewahi kuongoza National Bank of Kenya. Alishtakiwa mwaka 1985 kwa makosa ya fedha za kigeni yaliyodaiwa kutendeka 1976. Katikati ya miaka hiyo 9 ofisi ya Mwanasheria Mkuu ilikuwa imeamua mara mbili kutomshtaki, akaambiwa faili limefungwa, na fedha zilizokuwa zimeshikiliwa akarudishiwa. Majaji watatu wa Mahakama Kuu wakiongozwa na Madan waliizuia kesi. Walisema kumfufulia mtu mashtaka baada ya kumwambia yameisha ni kuitumia mahakama vibaya.

Usishangilie mapema. Githunguri hakuokolewa na miaka 9 peke yake. Aliokolewa na ahadi ya mwenye mamlaka ya kushtaki, na mahakama zetu tangu hapo zimerudia kwamba kuchelewa kutupu hakutoshi, mpaka uonyeshe jinsi kunavyokunyima kesi ya haki. Ile baraza yenu ya kwa chifu haikuwa na uwezo wa kufunga faili la jinai. Chifu hana uwezo huo, wala wazee. Mamlaka hayo leo ni ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, na Ibara ya 157 inamtaka azingatie maslahi ya umma na kuzuia matumizi mabaya ya sheria. Ila kumbukumbu za baraza hiyo ni dhahabu kwa njia nyingine: kama mlalamishi ni jirani yako, zinaonyesha kwamba alijua yote mwaka 2013, alikuwepo, na alinyamaza mpaka mlipogombania mpaka. Pamoja na kifo cha mwenyekiti na rekodi zilizopotea, hizo ndizo hoja ambazo wakili anaweza kumwandikia Mkurugenzi wa Mashtaka kabla hujafikishwa popote, au kuzipeleka Mahakama Kuu ya Makueni pale mjini Wote kesi ikishafunguliwa. Kwa hiyo tafuta hizo kumbukumbu. Kama nakala yako imeliwa na mchwa pia, yupo aliyekuwa katibu, na ipo ofisi ya chifu.

Kukamatwa nitakupitisha haraka, nikiamini hutafika huko. Ukiwa kituoni na mazungumzo yamekwisha lakini unaambiwa “ngoja hapo kwenye benchi”, uliza: nimekamatwa? Kama jibu ni hapana, una haki ya kuondoka, na useme unaondoka. Kama ni ndiyo, uliza kwa kosa gani, na uombe bondi ya polisi. Bondi ni bure. Dhamana ya pesa taslimu ikitakiwa, dai stakabadhi, kwa sababu pesa hiyo ni yako na hurudi. Simu yako usiikabidhi na nambari yake ya siri kwa sababu tu umeombwa. Mpelelezi anayetaka kuichunguza aje na amri ya mahakama. Lakini usifute chochote kilichomo. Wakikuzidisha saa zilizowekwa, usidhani kesi imekufa hapo. Mwaka 2006 Mahakama ya Rufani ilimwachilia huru mtu aliyehukumiwa kwa wizi wa kimabavu kwa kuwa alikaa mikononi mwa polisi miezi 8 kabla ya kuona hakimu, na magereza mengi yalijaa matumaini. Kufikia 2010 mahakama hiyohiyo ilikuwa imegeuka, ikasema dawa ya kuzidishwa muda ni fidia. Andika saa ulizoingia na kutoka. Malalamiko kuhusu afisa huenda IPOA, mamlaka huru inayosimamia utendakazi wa polisi; nambari yao ya bure ni 1559.

Nije kwa naibu wa chifu na mkataba wake, maana katika ushauri wote uliopewa huo ndio unaonitisha zaidi kwa jinsi unavyofanana na busara. Unasema hukula. Sasa kwa nini karatasi yenye sahihi yako iseme utarudisha? Hata wakili akifaulu kuizuia isisomwe katika kesi ya jinai, itakuwa imeshakupotezea heshima Mbooni nzima. Na kuna jambo ambalo naibu wa chifu pengine halijui. Madai ya kawaida ya mkataba hufa baada ya miaka 6, kwa hiyo deni la 2012 kwa kawaida limeshapitwa na wakati. Lakini mtu akikiri deni kwa maandishi, saa huanza kuhesabiwa upya kuanzia siku alipotia sahihi. Ungeenda kwa naibu wa chifu ukiwa hudaiwi kitu, utoke unadaiwa.

Kupatana na jirani si vibaya. Patananeni kuhusu mpaka, kila mmoja na karatasi zake za shamba, mpimaji akiwepo. Hilo la maji lisiingizwe humo hata kwa neno moja.

Kithitu sitakiongelea kwa dharau. Nimeona watu wazima wenye shahada wakinyamaza kinapotajwa. Lakini hakuna polisi, chifu wala mwanakikundi anayeweza kukulazimisha kula kiapo kilicho kinyume cha imani yako. Ibara ya 32 imekataza. Na ukikataa, kukataa huko si ushahidi wa chochote mahakamani. Jirani akiendelea kukuita mwizi sokoni, waulize waliosikia kama wako tayari kuandika walichosikia. Hiyo inaweza kuwa kesi, na safari hii mlalamishi ni wewe.

Limebaki la kijana wako na huyo mtu wake wa kuzungumza “vizuri”. Sheria ya Hongo ya mwaka 2016 humshika anayetoa kama inavyomshika anayepokea. Mwambie kiasi hichohicho alichokuwa tayari kukipenyeza kwenye bahasha kinaweza kumlipa wakili siku moja ya kuketi karibu na baba yake. Mawakili wapo mjini Wote, wapo Machakos, na hawakosekani kwenye mahakama ya Tawa. Kabla ya kulipa, hakikisha jina lake liko kwenye orodha ya Chama cha Mawakili cha Kenya ya wenye leseni ya mwaka huu, na mkubaliane ada ya kazi hiyo moja ya kukusindikiza, si ya kesi nzima ambayo huenda isije. Ikiwa hata hiyo haiwezekani, ipo Huduma ya Taifa ya Msaada wa Kisheria iliyoundwa na sheria ya 2016, na Kituo cha Sheria cha Nairobi, kinachowasaidia wasio na uwezo tangu 1973. Usingoje wakili wa serikali akukute kituoni. Huyo hupatikana mahakamani, na hata huko kwa wale tu ambao bila yeye haki ingepotea vibaya.

Leo, kabla hujafanya lolote, mtumie huyo afisa ujumbe huu kwa simu: “Afande, salaam. Niko tayari kutii wito. Naomba uje kwa maandishi, ukionyesha nambari ya OB, kituo kilicho kaunti ya Makueni, na kama naitwa kama shahidi au mshukiwa. Ijumaa sitaweza, naomba Jumanne asubuhi, nikiwa na wakili wangu.” Usiongeze neno. Akikupigia baada ya kuusoma, mwambie wakili ndiye atakayezungumza naye, uage kwa heshima, ukate simu.